Mto umeniingilia dukani mara mbili, masika hayo yanakuja, nifanyeje?

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dada. Nina duka dogo la vyakula Kigogo, nauza unga, mchele, sukari, mafuta ya kupima, na nina friza ya soda na samaki. Mto umeniingilia mara mbili. Mara ya mwisho viroba vyote vya chini viliharibika na friza ikafa. Nikachukua kausha damu laki 5, marejesho elfu 25 kila siku kwa siku 28, nilivyomaliza nikawa sina mtaji nikakopa tena. Mume wangu anasema nifunge tuhamie Chanika kwa wifi yangu, ila wateja wangu wote wako hapa. Bima naambiwa ni ya matajiri. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Meseji yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia jicho linaganda palepale kwenye hiyo elfu 25. Hebu tupige hesabu. Elfu 25 mara siku 28 ni laki 7. Umechukua laki 5 umerudisha laki 7 ndani ya mwezi mmoja, na marejesho umeanza duka bado lina tope, yaani zile siku za mwanzo ulikuwa unawarudishia hela yao wenyewe hujaizungusha hata mara moja. Viroba na friza vililiwa na mto, sawa. Ila hiyo laki 2 ya riba na ule mtaji uliokuwa unauchomoa kila jioni kumpa kijana wa pikipiki anayekusanya marejesho, hapo mto hausingiziwi.

Nimezunguka na vikundi vya kina mama hapa Dar miaka kumi na kitu sasa, Vingunguti, Tandale, Buguruni, Mbagala huko, na biashara nilizoona zinakufa baada ya maji au moto nyingi hazikufa siku ya tukio. Siku ya kwanza majirani wanakuja, huyu na ndoo, huyu na chupa ya chai, mnafagia tope mnacheka kidogo mnalia kidogo. Siku ya tatu kila mtu karudi kwake, watoto wanataka kula, duka tupu, na hapo ndo anatokea mtu na fomu ya mkopo ambayo haina maswali mengi. Ukisaini ile fomu, ndani ya miezi miwili duka limekwisha na watu watasema "mafuriko yalimmaliza". Kwa hiyo jibu langu lote linazunguka hiyo siku ya tatu, uifikie ukiwa na kitu mkononi ambacho hakikulowa. Kuinua bidhaa, kikundi, bima, vyote hivyo naviona kama njia za kufika hapo tu.

Na usijione una mkosi. Huo mto wako, Msimbazi, unaanzia milima ya Pugu kule Kisarawe, unapita katikati ya jiji lote hadi baharini pale daraja la Selander, kwa hiyo Kigogo kunaweza kuwa na manyunyu tu ila Pugu kumenyesha usiku kucha na asubuhi maji yako mlangoni kwako. Desemba 2011 ulifurika, watu wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mvua za El Nino za 2023/24 zilikuwa mbaya zaidi kwa nchi nzima, Aprili 2024 Waziri Mkuu alisema bungeni watu 155 wamekufa. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, kila mwaka. Kitu kinachokuja kwa kalenda mimi nakiandika kwenye daftari pamoja na kodi na umeme, nakitengea hela kama ninavyotenga kodi.

Sasa hela yenyewe. Usianze kwa kusema nitatafuta wapi milioni ya kurudisha duka zima, utakata tamaa kabla hujaanza. Kaa chini na daftari lako la mauzo uangalie vitu vitano vinavyoleta watu dukani kila siku. Nahisi kwako ni unga, mchele, sukari, mafuta, na labda maharage au vocha, wewe ndo unajua. Piga hesabu ya kufungua na hivyo vitano tu, meza moja, mzani, ndoo na vikombe vya kupimia. Tuseme inakuja laki 3. Hiyo laki 3 mimi naiita hela ya kufungulia, na kwa elfu 2 kwa siku inatimia ndani ya miezi mitano. Ndiyo, elfu 2 inauma ukiwa na marejesho, nalijua hilo, anza hata na jero (mia tano), ukimaliza hilo deni upandishe.

Ikae wapi? Dukani hapana. Kibubu cha mbao chini ya kitanda hapana, niliwahi kukikuta kibubu kinaelea chumbani kwa mama mmoja, tulicheka siku ile ila haikuwa ya kucheka, noti zilikuwa zimegandana kama chapati. Kwenye laini ya simu unayouzia nayo hapana, utaila mwezi wa kwanza tu ada za shule zikifika. Weka kwenye laini nyingine ambayo haiko kwenye simu ya dukani, au akaunti isiyo na kadi, au kwa mtu mmoja unayemwamini kuliko njaa yako. Wapo wanaotumia M-Koba, ile akiba ya kikundi kwenye simu ya Vodacom, na mashoga zao, hela haitoki mpaka wenzako wakubali, na kwa hela ya namna hii huo usumbufu ndo tunautaka.

Halafu kuna jambo ambalo wataalamu wengi wanalipita wakiongelea "mama wajasiriamali", na wewe umeligusa bila kujua. Mtaji wa mwanamke unakaa jirani na sufuria. Duka likifungwa wiki mbili, zile hela za kufungulia zitaanza kununua mboga siku ya nne, dawa ya mtoto siku ya sita, na siku ya kumi zimeisha na hujafungua kitu. Kwa hiyo zungumza na mzee nyumbani, yaani mumeo, mapema, kabla mvua haijaanza na watu wakiwa wameshiba, mkubaliane kwamba maji yakija siku 14 duka halilishi nyumba. Chakula cha wiki mbili kitoke mfukoni kwake, au mkiweke pembeni sasa hivi kwenye ndoo ya mfuniko, unga, maharage, mafuta, juu kabisa kabatini. Na kama mgomvi muulize hivi tu, kipi rahisi, kulisha nyumba siku 14 au kulipa kausha damu miezi mitatu?

Tuje dukani kwenyewe. Ile alama ya tope iliyobaki ukutani usiipake chokaa! Hiyo ndo ramani yako. Pima kutoka hapo ongeza urefu wa mkono, shelfu yako ya kwanza ya vitu vya kulowa ianzie hapo. Maduka yetu mengi yamepangwa kinyume, viroba vizito vya unga na sukari chini kwa sababu ni vizito, sabuni na soda juu kwa sababu zinapendeza. Geuza. Chini weka kreti za chupa tupu za soda na madumu matupu ya mafuta, hivyo vikiguswa na maji unaviosha na dawa. Unga na sukari viwe kwenye mapipa ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, juu ya chaga, na chaga juu ya tofali. Kama kiroba cha kilo 50 huwezi kukinyanyua peke yako basi nunua cha 25, au ukifika nacho ukigawe humohumo kwenye ndoo.

Na miezi ya mvua nunua mzigo kidogo kidogo. Najua ukinunua wa wiki mbili unapata punguzo na nauli ya guta ni moja, lakini Machi hadi Mei mimi nakushauri ununue mara mbili kwa wiki, stoku ya dukani iwe nusu ya kawaida. Hilo punguzo unalolikosa lihesabu kama ada ya bima, maana maji yakija yatakuta nusu.

Friza. Iinue juu ya tofali za inchi sita, mbili mbili, ifungwe isidondoke. Ukisikia maji yanakuja chomoa umeme kwanza kabla hujashika kitu kingine chochote, na kama maji yameshafika kwenye soketi usiingie kabisa, mwache fundi akate kwenye mita. Friza iliyojaa usipoifungua inashika baridi karibu siku mbili, iliyo nusu kama siku moja, kwa hiyo usiwe unachungulia chungulia. Samaki wakishalainika hawarudi kwenye barafu, kaanga siku hiyohiyo uuze hata kwa hasara. Na unga ulioguswa na maji ya mto mdogo wangu naomba usiuanike. Nimeona watu wanatandika turubai wanaanika, roho inauma naelewa, ila ule mto unapita na vyoo vya nusu ya jiji, ukimuuzia mteja akapata kipindupindu umepoteza unga na mteja na jina.

Daftari la madeni ndo kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Mama mmoja Vingunguti alipoteza daftari lenye madeni ya wateja kama laki 4, bidhaa alizopoteza hazikufika hata nusu ya hiyo, na wateja walivyoulizwa kila mtu "mbona mimi nilishalipa". Kila Jumapili piga picha kurasa zote, piga na shelfu zako, risiti za jumla, leseni na kitambulisho, mtumie wifi yako wa Chanika kwa WhatsApp. Wala hahitaji kuzielewa, azitunze tu. Siku ukienda serikali ya mtaa kuandikishwa kama mwathirika, au ukienda bima, au wakija watu wa msaada, kitu cha kwanza wanaulizia ni ushahidi ulikuwa na nini, na picha yenye tarehe inaongea vizuri kuliko machozi.

Sasa vikoba, hivi vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Hujaniambia kama upo kwenye kikundi ila kwa Kigogo nitashangaa kama haupo. Tatizo la vikoba vyetu kwenye mafuriko ni kwamba wanachama wote mnakaa mtaa mmoja, kwa hiyo maji yakija yanaingia kwenu wote usiku mmoja, wote ishirini mnataka mfuko wa jamii (ile hela ya kusaidiana) asubuhi moja, na wenye mikopo wote wanaomba kusogezewa marejesho. Kikoba kinafaa sana kwa msiba wa mtu mmoja, kwa maafa ya mtaa mzima kinazidiwa. Na ongeza hili, vikundi vingi vinavunja Desemba, kila mtu anabeba mgao wake, Januari ada za shule, Februari mnaanza upya na vihisa vya kwanza, Machi masika yanabisha hodi sanduku likiwa halina kitu. Yaani tumejipangia kuwa wakavu mfukoni wakati tunaenda kulowa miguu, sijui nani alituloga.

Pelekeni hoja kikaoni: mfuko wa jamii usigawanywe Desemba, uvuke mwaka. Kwenye katiba andikeni kabisa maafa ni nini, nani anaenda kuhakiki, kila mwathirika anapata kiasi gani, na kwamba marejesho yanasimama wiki nne bila faini. Yaandikwe sasa, sababu siku ya maji kila mtu anaona yeye ndo kaumia zaidi na urafiki wa miaka unavunjika kwa elfu hamsini. Na tafuteni kikundi kingine cha mlimani, Kimara au Goba au hata hukohuko Chanika, muwekeane ahadi ya kukopeshana. Moto ukiwaka kwao mnawainua, maji yakija kwenu wanawainua.

Kuhusu mikopo, hiyo uliyonayo sasa ndo ya kwanza kuishughulikia kabla ya kununua hata tofali moja. Nenda ofisini kwao, usiongee na kijana wa pikipiki yeye ni wa kukusanya tu, omba marejesho yawe kwa wiki. Wengine wanakubali, wanapenda kulipwa kidogo kuliko kukimbiwa. Ila usikope wa tatu kulipa wa pili, tafadhali sana. Uliza leseni yao ya Benki Kuu, kampuni za mikopo midogo zenye leseni zina ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, sasa jiulize hiyo yako ya laki 5 kuwa laki 7 imetoka wapi. Na zile za kwenye simu usiziguse ukiwa na presha, Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila kibali, zile zinazowatumia meseji ndugu zako wote kwamba wewe ni mdaiwa sugu.

Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, ambao asilimia 4 ni ya wanawake, hauna riba na ni mzuri. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Lakini ni wa kikundi kilichosajiliwa na una mlolongo wake wa ofisa maendeleo, kamati, sijui mafunzo, kwa hiyo usiutegemee siku ya tatu hata kidogo. Huo unaombwa wakati jua linawaka, wa kukuzia mtaji.

Bima sasa. Aliyekwambia ni ya matajiri amekosea, japo si kwa kila kitu. Duka lenye mtaji wa milioni moja na kitu linaweza kukatiwa bima ya moto, na nakushauri uiulizie, maana sisi wenye maduka moto tunausahau mpaka tukumbushwe kama Kariakoo Julai 2021. Mafuriko ndo yana maneno. Kwenye bima nyingi za moto mafuriko hayamo mpaka uombe yaongezwe, na duka lililoingia maji mara mbili pale bondeni kampuni inaweza kukataa au kukutajia ada ya kukukimbiza. Ukienda uliza waziwazi, mafuriko yamo? Bidhaa zimo au jengo tu? Nikikata kwa thamani ndogo kuliko stoku yangu nalipwaje? Hilo la mwisho linawaliza wengi, mtu ana mzigo wa milioni 2 anakata bima ya milioni 1 ili ada iwe ndogo, akipata hasara ya laki 6 analipwa laki 3, sababu wanahesabu kwamba nusu ulijikatia mwenyewe. Wakikuzungusha kulipwa kuna TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na kuna msuluhishi wa migogoro ya bima. Ila kwa ukweli wako wewe leo, mafuriko bima yake siiweki namba moja. Hela ya kufungulia kwanza.

Kuhama Chanika, mzee hajakosea kuogopa na wala simlaumu. Lakini duka la vyakula ni wateja, na wateja wanaokukopa wanakulipa kwa sababu wanakuona kila siku. Mimi ningejaribu katikati. Panda juu kidogo, hapohapo mitaa ya jirani ambako maji hayafiki, tafuteni kachumba ka stoo mama wanne mchangie kodi kwa miezi ya mvua tu, mzigo unalala kule, dukani unashusha wa siku mbili. Na kabla hujalipa kodi nyingine ya miezi sita kwenye hiyo fremu nenda serikali ya mtaa ukaulize kama jengo lipo kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi, ule ambao Benki ya Dunia iliutolea dola milioni 200 mwaka 2022, maana wenye nyumba wa bondeni wamekuwa wakilipwa fidia wapishe. Mwenye nyumba anaweza kuwa ameshakula fidia anakusubiri wewe mpangaji umpe na kodi juu. Ikiwa jengo limewekewa alama basi mzee ameshinda huo ubishi, hamia juu, ila hata hapo tafuta kwanza karibu wateja wakufuate kabla ya Chanika.

Na mwisho, TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano, una rangi, njano ni angalizo, machungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa. Ukiona njano kwa Dar simamisha kununua mzigo. Ukiona machungwa, viroba juu, samaki uza bei ya kutupa, picha za daftari. Nyekundu, mpigie yule kaka wa guta ambaye mmeshakubaliana bei tangu Februari (siku ya maji atakutajia mara tatu), mzigo upande stoo, chomoa friza, funga, toka na watoto. Namba ya zimamoto na uokoaji ni 114, iandike kwa chaki mlangoni kwa ndani.

Hiyo friza iliyokufa umesema tu ilikufa hujasema umeipeleka wapi. Kama bado ipo uani usiiuze kwa wa chuma chakavu. Mara nyingi inayoharibika na maji ni nyaya na rilei pale chini, kompresa inakuwa nzima, mwite fundi aikaushe aipime kabla hujanunua nyingine kwa mkopo.